Kumi na Tisa

Etelka alikuja karakanani mwaka ule theluji ilipogoma kuyeyuka,
amevaa koti la marehemu mumewe,
mikono yake imezama ndani ya mikono ya koti.
Akasema: Chonga majina yote mawili, lake na langu.
Bei ya herufi itapanda. Mimi sichelewi.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nyundo bado ya baba.
Nikachonga:

AMBRUS 1919 – 1986
ETELKA 1924 – 19

kisha nikaacha nafasi ya tarakimu mbili,
upana wa vidole vitatu,
laini kama ukurasa ambao mtoto hajauchafua.
Akanihesabia sarafu moja moja.
Na hizo mbili zilizobaki nimeshazilipia, akasema. Usije ukamdai mwanangu.

Kila Jumapili alipanda makaburini na ndoo,
akalisugua jiwe kama atandikaye kitanda cha mgeni.
Viatu vipya hakununua: vya nini?
Paka aliwagawa. Ukuta wa jikoni ukabambuka, akauacha.
Majira ya baridi kumi na tatu aliishi hivyo,
abiria aliyewahi mno stesheni,
amekaa juu ya sanduku lake,
haangalii hata watu wanaopita.

Ndipo karne ikageuka.
Usiku kucha fataki juu ya mto Tisza, mbwa chini ya vitanda.
Asubuhi nikasikia hodi.
Alikuwa Etelka, theluji hadi kwenye vifundo,
anacheka mpaka anakohoa, kashika mwimo wa mlango.
Vendel, akasema, kumi na tisa zimekwisha.
Kwenye jiwe lako sina tena mahali pa kufia.

Nikamwambia tutaziba, tutasaga, tutachonga upya, bei ni hii.
Akaniangalia kama niliyemtukana.
Ngoja kwanza, akasema.

Nikangoja.
Sitadanganya kwamba aligeuka malaika.
Ubahili ulibaki, na mkaza mwana alizidi kumkoma.
Lakini mwezi wa nne alinunua baiskeli ya mitumba,
akaanguka nayo mbele ya kanisa, akainuka, akaitukana, akaipanda tena.
Alijiunga na wazee wanaocheza sataranji
ndani ya bwawa la maji moto, mvuke hadi masikioni,
akamfunga tarishi mstaafu mara tatu mfululizo
naye tarishi hakumsalimu wiki nzima.
Nyuma ya nyumba alipanda mti wa jozi.
Majirani wakanong'ona: kikongwe huyu,
mti ule huzaa kwa wajukuu!
Akawajibu kutoka upande wa pili wa ua,
maana masikio nayo yalikuwa mazima:
Basi mwambieni mti uharakishe.

Uliharakisha.
Vuli la mwaka wa tisa alikutwa amelala chali nyasini,
kapu limejaa nusu.
Wanawake waliomwosha walisugua vidole vyake kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu;
weusi wa maganda ya jozi haukutoka.
Akazikwa nao, kama piko la bibi harusi.

Kasisi alitaka jiwe jipya, safi.
Nilikataa. Nilipiga mstari mmoja juu ya ile kumi na tisa,
kama mwalimu anayesahihisha hesabu,
na pembeni, kwa kubananisha, nikachonga 2009.
Zile mbili alizolipia hazikutosha.
Mbili za ziada sikumdai mtu.

Sasa vumbi la mawe ya wenzangu limenijaa kifuani.
Daktari analiona kwenye picha, mimi nalisikia kwenye ngazi.
Mke wangu ananiuliza: letu utalichonga lini?
Jiwe lipo, chini ya dirisha, zuri, la kijivu, halina hata nukta.
Saa sita jua hulifikia.
Nalipangusa kwa kiwiko,
naweka mkate juu yake, nakata kitunguu,
naongeza chumvi.